Kusoma Vijiti vya Mwenzako

Nimeacha kazi msimu huu. Sikufukuzwa, na miguu yangu bado mizima. Mtu akitaka kushindana nami kwenda Msalato na aje. Kilichoniachisha ni gari moshi. Lilipofika Dodoma nilisimama pale stesheni mikono nyuma, nikalitazama likishusha kwa asubuhi moja mizigo ambayo msafara wangu wote usingeiinua. Nikasema, basi, Ndahani, huyu haumwi miguu wala hatakuuliza maji yako wapi. Baadaye wakaniambia maji anakunywa kuliko wapagazi wote. Lakini nilikuwa nimeshaikunja bendera yangu na kuichomeka chini ya paa la tembe, na kitu nikishakichomeka sikichomoi.

Ninyi vijana mnaobeba bado njia ya Kondoa mmenisumbua niwaeleze kazi ilivyokuwa. Sitaandika ujira niliopata wala nani alinipandisha cheo, maana hayo hayamfundishi mtu kutembea. Herufi nimejifunza ukubwani, kwa mwalimu wa misheni aliyependa togwa ya mke wangu, na nilizijua upesi kuliko watoto wake. Nitaandika ninavyosema.

Nilianza nikiwa kijana wa kuchunga. Msafara wa Mzee Feruzi, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, kutoka Tabora, ulipiga kambi karibu na malisho yetu Ipagala, na wapagazi wake wawili walikuwa wameshikwa na homa. Nikaenda kuomba mzigo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, kisha akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mgogo," akasema, "wewe utabeba nini zaidi ya fimbo?"

"Nitabeba robota lako, na wewe mwenyewe ukae juu yake."

Kambi nzima ikacheka. Watani wetu Wanyamwezi walikuwa wakisema Mgogo akiona mzigo humwita punda. Feruzi akanitwika robota la nguo, akasema kama nitalifikisha kambi inayofuata nitakula naye. Nililifikisha. Bega lilivimba nikashindwa hata kujikuna, ila nilikula naye sahani moja, na tangu siku hiyo hakunitania tena mbele za watu. Tukiwa wawili alinitania mpaka anakufa.

Kila ninachokijua cha njia nimekitoa kwa Feruzi, na kingine nikaongeza mwenyewe. Kirangozi ana vyombo vitatu: bendera, pembe na macho. Bendera inatangulia ili watu waione. Pembe, ile barghumu ya tandala, inawaambia walio nyuma: hapa tunatua, hapa tunaondoka, hapa funganeni kuna hatari. Msafara mrefu ni kama nyoka aliyelala. Kichwa kikifika kambini mkia bado unafunga mizigo kule ulikolala. Kwa hiyo kichwa lazima kiseme na mkia.

Mahali pembe isipofika tunasema kwa njia yenyewe. Kirangozi akifika njia panda huweka tawi kuifunga njia isiyofuatwa. Tawi hilo ni la watu wote, na hakuna mwenye haya atakayeliondoa. Lakini zipo pia ishara za siri, kila msafara na zake, na karibu zote zinahusu maji. Wakati wa kiangazi katika nchi yetu visima ni mashimo kwenye mchanga wa korongo. Hiki kina maji leo, kesho kimekauka, na hata chenye maji kinatosha msafara mmoja, wa pili hukaa kando kungoja shimo lijae tena. Desturi ni kwamba bendera iliyochomekwa kwanza hunywa kwanza. Ndiyo maana kila kirangozi hutuma mtangulizi aende kuvitazama visima, arudi njia panda, aache ishara ambayo watu wake tu wanaielewa.

Watu wake tu, ndivyo tulivyojidai. Feruzi alinifundisha kuzisoma za wenzetu kabla hajanifundisha zetu.

"Mzee, huu si wizi?" nilimwuliza.

"Umechukua nini?"

"Habari."

"Ipo bado pale pale? Haya, twende."

Feruzi alipozeeka alinipa bendera. Mgogo wa kwanza kuongoza msafara ule ni mimi, na kama yupo mwingine aliyenitangulia sijamsikia. Nikaapa kwamba bega langu halitabeba tena mzigo wa mtu yeyote, hata furushi la mke wangu, na nililishika neno hilo mpaka watu wa mtaa wa Majengo wakalifanya hadithi. Virangozi wengine hubeba kidogo ili kuonyesha mfano. Mimi mfano wangu ulikuwa kutembea.

Mshindani wangu alikuwa Kasanda, Mnyamwezi, pande la mtu, aliyeongoza msafara mkubwa wa kampuni iliyobeba mizigo ya boma. Alivaa manyoya ya mbuni kichwani hata jua linapowaka. Tukikutana njiani ilikuwa matusi ya utani tupu.

"Mbukwa, mtani! Ng'ombe zako wamekuruhusu kutoka?"

"Wamenituma nimtafute jogoo wetu, naona amekupanda kichwani."

Ishara za Kasanda zilikuwa vijiti vya mgunga juu ya kichuguu. Kijiti chenye majani, kisima cha upande huo kina maji. Kijiti kilichopukutishwa, kimekauka. Nilizijua tangu msimu wake wa kwanza. Zangu zilikuwa mafundo ya nyasi, na nilijua anayajua, maana mara nyingi nilifika kisimani nikakuta manyoya yale ya mbuni yananipepea. Hatukushtakiana. Aliyesomwa alirudi akabuni ishara mpya, basi. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi, kama kukwangua matope kwenye kiatu, kwa wenye viatu.

Kisha boma likaingilia. Bwana Mkubwa, Mdachi mrefu aliyependa kila kitu kisimame kwenye mstari, hata kuku, alisikia kwamba mizigo yake inachelewa kwa sababu misafara mingine inawahi maji. Akatoa amri: kirangozi atakayeiba ishara za msafara mwingine atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na atanyang'anywa bendera asiongoze tena maisha yake.

Amri haikunitisha. Kilichonishangaza ni namna ilivyotembea. Askari waliwekwa visimani. Kasanda akifika kwa kusoma mafundo yangu, askari walitazama mawingu, maana alibeba vitu vya boma. Mimi nikifika kwa kusoma vijiti vyake waliniuliza maswali mawili matatu, kisha wakakumbuka kwamba kampuni yangu ina Mzungu wake naye anajua kupiga kelele. Lakini akifika mtu mdogo asiye na Mzungu nyuma yake, hapo amri ilikuwa na meno yote.

Mtu mdogo huyo aliitwa Isa, Mrangi wa milima ya Kondoa. Alikuwa na msafara wake na ndugu zake, wakipeleka nta pwani na kurudi na chumvi. Mtu mwembamba, mcheshi, bendera yake ilikuwa kipande cha kanga kuukuu cha mkewe. Nilimwambia mara moja, "Isa, bendera gani hii?" akanijibu, "Hii inanikumbusha kurudi nyumbani. Yako inakukumbusha nini?"

Siku ya mkasa sote watatu tulikuwa tunatoka mashariki. Kuna njia panda kabla ya Dodoma, kulia unakwenda kisima cha Msalato, kushoto cha Ipagala. Mimi nilitangulia na watu wachache wenye mizigo myepesi ya dawa. Nilipofika kwenye kichuguu asubuhi nikavikuta vijiti vya Kasanda: cha Ipagala kina majani, cha Msalato kimepukutishwa. Kwa desturi yake, maji yako Ipagala. Watu wangu wakaanza kugeuka kushoto.

Nikawaambia ngojeni. Chini ya kile kichuguu palikuwa na nyayo za mtangulizi wa Kasanda. Zile zilizokuja kutoka Ipagala zilikuwa vumbi jeupe. Zilizotoka Msalato zilikuwa na vibonge vya matope vilivyokauka, vimebanduka visiginoni mwake. Kiangazi kile chote hakikuwa na tone la mvua. Matope ameyakanyaga wapi, kama si ndani ya kisima chenye maji? Nikaelewa kwamba Kasanda amegeuza vijiti vyake ili atupoteze. Tukaenda Msalato, tukanywa, tukajaza vibuyu, askari alikuwa bado hajafika zamu, tukaondoka zetu tukalale mbele. Hakuna aliyejua kwamba tumepita.

Mchana Isa akafika pale pale, akaona matope yale yale, akaenda Msalato, akachomeka kanga ya mkewe. Baada yake akaja Kasanda na kichwa cha msafara wake. Akakuta Warangi wanachota na shimo limebaki tope. Hilo lilimkasirisha, lakini lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mkia wake haukuja. Kasanda alikuwa ameigeuza maana ya ishara wakiwa njiani, akawaambia mtangulizi na watu wa mbele, akasahau kwamba mkia ulikuwa bado unafunga mizigo. Nani atakayekimbia nyuma kuwaambia, na kila mtu ana mzigo kichwani? Wale wa nyuma wakafika kwenye kichuguu, wakaona majani, wakaenda Ipagala, wakakuta mchanga. Walipotafutwa kesho yake walikuwa wametupa mizigo ya boma porini, na mmoja alibebwa hajitambui. Akapona, nashukuru.

Kirangozi mkubwa hawezi kusema nimepoteza watu wangu mwenyewe. Kasanda alimnyooshea Isa kidole: huyu ameiba ishara zangu, kisha amezibadilisha watu wangu wapotee. Askari hawakungoja shauri. Walimlaza Isa pale pale kisimani wakamchapa mpaka mgongo ukapasuka, halafu wakamfunga wakampeleka bomani kwa hukumu, yaani aongezewe hamsa ishirini kamili na bendera ichukuliwe.

Mimi nilizunguka kwanza kushusha dawa za misheni; nilipofika bomani na zilizobaki, jioni ya kesho yake, nikakuta habari zimejaa sokoni. Kila mtu anamsema Isa. "Mrangi yule ni hatari," wanasema, "ndiye wa kwanza kuvisoma vijiti vya Kasanda!" Nikauliza, wa kwanza? "Wa kwanza, hakuna mwingine aliyeweza." Sikulala vizuri siku hiyo. Nilimhurumia Isa, hilo kweli. Lakini hilo la wa kwanza lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baraza likakaa kivulini mwa ukuta wa boma. Bwana Mkubwa kwenye kiti, mkalimani wake, mtu wa Pangani mwenye kanzu safi, kando yake. Isa alisimama, maana kukaa hakuwezi. Kasanda akasema maneno yake na manyoya yake. Isa akasema, "Bwana, mimi niliona matope. Sikugusa kijiti."

Mkalimani akatafsiri. Bwana Mkubwa akajibu kwamba huyu amekiri kusoma, na kwa kuwa hakuna kirangozi mwingine aliyewahi kuvunja amri hii, atatolewa mfano.

Nikasimama. Kusema kweli miguu ilisimama yenyewe.

"Bwana Mkubwa, huyu si wa kwanza. Wa kwanza ni mimi. Nilipita asubuhi kabla yake, na vijiti vilikuwa hivyo hivyo alivyovikuta. Hakuvigeuza. Nami nilivisoma, na vya msimu uliopita nilivisoma, na vya kabla ya hapo."

Mkalimani akaniangalia. "Ndahani," akasema taratibu, "nimtafsirie hayo? Unajua adhabu yake."

"Tafsiri. Na hilo la kabla ya hapo usiliache."

Akatafsiri. Bwana Mkubwa akamwambia askari achukue bendera yangu. Ikachukuliwa mbele ya watu, nami nilikuwa nimeifua. Hapo nikaona kwamba tuko wawili kwenye mstari na mtu mmoja hayupo.

"Bwana Mkubwa, mwulize na Kasanda alijuaje maji ya kule Chunyo msimu uliopita, wakati mtangulizi wake alikuwa mgonjwa kambini."

Kasanda akayaweka sawa manyoya yake. Wenzake wakatazama chini. Nami namjua mtani wangu, nikamwongezea: "Au basi, Bwana. Pengine hakuweza. Mafundo yangu ni magumu, si ya kusomwa na kila mtu."

"Magumu?" Kasanda akaruka. "Mafundo yako? Mke wangu anayasoma akiwa amefumba macho! Nakusoma tangu ulipopewa bendera na yule mzee. Fundo moja maji, mawili hakuna, matatu umepotea unaona haya kusema!"

"Na vijiti vyako kwa nini ulivigeuza juzi?"

"Nilivigeuza kwa sababu nilijua unavisoma!"

Likawa limesemwa. Mkalimani hakuhitaji kuulizwa, alitafsiri mwenyewe, na alikuwa anacheka ndani ya kanzu. Kasanda akasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwa Kidachi, manyoya yakamlegea. Virangozi wengine wawili waliokuwa wamekuja kutazama wakaanza kubishana nani kati yao alimsoma Kasanda mapema zaidi, mpaka askari akawanyamazisha kwa kitako cha bunduki.

Bwana Mkubwa akawa anagonga kiatu chake kwa fimbo. Alikuwa na amri yake, na mbele yake wamesimama watu wote wanaojua njia za nchi hii. Akiwanyang'anya wote bendera, mizigo yake itabebwa na nani, kuku? Alimwuliza Isa kitu kimoja tu: aliyemchapa kisimani alipewa ruhusa na nani? Isa akasema hajui, alikuwa amelala kifudifudi. Askari wakatazama mawingu, kama walivyozoea.

Hukumu ikawa moja kwa watu watatu. Bendera zetu zitakaa bomani, zimechomekwa kwenye mstari mmoja. Mimi, Kasanda na Isa, pamoja na watu wetu, tukachimbe kisima cha Ipagala mpaka maji yatoke, na tusirudishiwe bendera kabla ya hapo. Tangu siku hiyo kusoma si wizi. Atakayesogeza ishara ya mwenzake ndiye mwizi, awe amebeba mizigo ya boma au chumvi yake. Nawaambia ninyi vijana, sheria hiyo naikubali mpaka leo, na nusu yake imetoka mdomoni mwangu.

Tukaenda Ipagala. Mimi na Kasanda tukashuka shimoni pamoja, maana hakuna aliyekubali mwenzake aonekane anachimba zaidi. Isa hakuweza kuinama. Alikaa ukingoni na shuka begani, akituambia mchanga unabadilika rangi wapi.

"Upande wa Kasanda," anasema. "Ndahani, wewe unachimba kaburi."

Mchanga ulikuwa unabomoka, tukaushikiza kwa matawi, tukaendelea. Ulipolowa kwanza, tuligombana. Kasanda akasema ameuona yeye, nikamwambia macho yake yamefunikwa na kuku. Maji yakaingia polepole, ya rangi ya togwa. Tukajaza kibuyu cha kwanza, tukasimama nacho, sote wawili tumekishika. Kwa desturi bendera ya kwanza ndiyo hunywa kwanza, na hapo hapakuwa na bendera. Tukatazamana. Kisha Kasanda akaachia, nami nikakipandisha juu kwa Isa.

Alikunywa taratibu, akakirudisha. "Bendera zenu mtarudishiwa," akasema, "na mimi yangu nitarudishiwa. Haya. Na hivi viboko, mtagawana lini?"

Hakusema kwa hasira. Kasanda alianza kucheka, akaacha. Mimi nilichukua jembe nikaendelea kuchimba ingawa maji yalikuwa yametoka. Kisima kile kilitosha misafara mitatu kiangazi chote, na watu wa Ipagala wanakitumia mpaka sasa. Ukipita ukinywa, jua ni kazi yangu. Na ya Kasanda kidogo.

Tangu hapo kila tulipokutana njiani Isa aliniuliza swali lile lile, anacheka, anapita. Nilimjibu mambo mengi. Nilimwambia tumeshinda, nilimwambia amri imebadilika, nilimwambia askari yule alihamishwa. Alikuwa akisema, "Ehe," kisha ananiuliza tena safari nyingine.

Wiki iliyopita nilikuwa stesheni, natazama tu, kwa kuwa mtu aliyeacha kazi lazima awe na mahali pa kutazama. Gari moshi likafika, akashuka Isa na gunia la chumvi. Naye sasa anapanda gari. Mgongo hauruhusu tena kutwika; akalikokota gunia mpaka nje, akasimama kupumua. Vijana wa kubeba walikuwa wamekwisha kwenda na mizigo ya abiria wengine.

"Shikamoo, mzee wa bendera," akanitania, nami simzidi umri. "Viboko vyangu, mtagawana lini?"

Watu wa Majengo walikuwepo, wale wale waliokifanya kiapo changu hadithi. Nikavua kofia, nikachuchumaa, nikamwambia nitwike. Akanitazama kwanza, kisha akaninyanyulia. Nikalibeba gunia lile begani, kutoka stesheni mpaka kwa ndugu yake anakofikia, na Isa akatangulia mbele yangu, akinionyesha njia.